Jina Lililopita Sakafuni

Weka vidole viwili kooni. Wewe, ndiyo, wewe unayesoma, usigeuke nyuma kana kwamba namwita mwingine. Viweke taratibu pale panapopanda na kushuka unapomeza mate. Sasa funga mdomo useme mmm. Umesikia kinachokutekenya ncha za vidole? Basi hiyo ndiyo sauti kabla haijawa neno, kabla haijawa dua wala tusi wala amri. Ni kitu kinachotetemeka, basi. Uzi wa gambusi, ngozi ya ngoma, ukingo wa sufuria, koo la binadamu: hakuna sauti iliyowahi kuzaliwa pasipo kitu kutetemeka mahali fulani. Nimewaambia hivyo watoto maisha yangu yote, na kila nilipowaambia nilivimba kifua, utadhani mimi ndiye niliyeibuni sauti.

Leo nikilisema hilo natazama vidole vya miguu yangu.

Mji ninaokusimulia hauna jina, na usinisumbue nikutajie. Nilijikuta nimo tu, nimesimama mbele ya darasa, chaki mkononi, sijui nimeingilia mlango upi. Darasa lenyewe halikuwa na ukuta wa nyuma. Madawati yalikwenda, yakakwenda, mpaka macho yakachoka kuyafuata. Watoto walinijua. Wakasimama wote pamoja, "Shikamoo mwalimu!" nami nikasema marahaba, kaeni, wakakaa kwa kishindo kimoja. Hapo moyo ukatulia. Palipo na watoto wanaosubiri kuambiwa kaeni, mimi niko nyumbani, hata kama nyumba yenyewe siijui. Maana mtoto wa darasa langu hakai mpaka niseme. Nikisahau, husimama vile vile, miguu ikiwaka moto, na mimi nikiendelea kufuta ubao.

Lakini mji ule ulikuwa na jambo lake. Mtu aliishi kwa kutajwa. Askari wakimchukua mtu, huulizi amefungwa gereza gani, kwa kuwa gereza halipo. Huachwa tu jina lake lisitajwe. Jina likikoma kutoka kinywani mwa mmoja na kuingia sikioni mwa mwingine, mwenyewe hufutika huko aliko, na waliompenda hubaki na kiti kimoja cha ziada wasichojua ni cha nani. Wanakitazama, wanatundika koti juu yake, maisha yanaendelea. Nilipoambiwa habari hiyo nilicheka, nikasema hiyo si sayansi. Kisha nikautazama mkono wangu wenyewe, nikaiona chaki kupitia nyama ya kiganja. Nilianza kufutika. Kila mtu pale aliniita Mwalimu, na Mwalimu si jina, ni kazi. Jina langu hasa alilijua marehemu mama. Tangu afe nani amewahi kulitamka? Najiuliza mpaka sasa: mimi ni huyu anayetetemesha koo, au ni yule anayesikika masikioni mwa wenzake? Na kama ni huyo wa pili, basi sijimiliki hata kidogo. Nipo mikononi mwa wenye masikio.

Somo lilikuwa sauti.

Niliweka rula ukingoni mwa meza, nikaibana upande mmoja, nikaipiga upande wa pili. Iliponing'inia ndefu ilitoa sauti nzito ya kivivu. Nikaivuta ndani ikabaki fupi, ikalia nyembamba kama mbu. "Mmeona? Inayotetemeka upesi hutoa sauti nyembamba, inayotetemeka polepole hutoa nene. Mmeelewa?" "Ndiyo mwalimuuu!" Nikawaambia walaze sikio juu ya dawati, mwenzao akwaruze kwa ukucha upande wa pili. Mkwaruzo ambao hewani hausikiki uliwafikia kama shoka. Sikitu, mtoto wa dawati la kwanza, aliinua kichwa macho yamemtoka. "Mwalimu! Kumbe mbao inasema kuliko hewa!" Nikamwambia vitu vigumu kama mbao na jiwe huitwa yabisi. Kila asubuhi, wakati wa kuita majina, nilimwita Sikitu kwa jina lake na la baba yake, naye akaitika abee kwa sauti inayojaa chumba. Alikuwa na sauti, yule mtoto, mpaka nyingine angeweza kumkopesha mtu. Mara ngapi nimemwambia kidole mdomoni! Kwetu hivyo ndivyo darasa linavyotulizwa: mwalimu husema kidole mdomoni, kila mtoto akaweka chake, na kimya kikashuka. Hebu nifikirie, mtu anayefundisha sauti, na amri anayoipenda kuliko zote ni hiyo.

Aliyekaa dawati la mwisho aliitwa Faki. Mtoto mkimya, kucha safi, hachezi na wenzake. Nilikuwa naeleza jinsi sauti inavyosafiri. Nikasema, mko kwenye foleni ya uji. Wa nyuma kabisa anamsukuma aliye mbele yake, naye anamsukuma wa mbele yake, hivyo hivyo, mpaka msukumo unafika kwenye sufuria, na yule aliyeuanzisha bado yuko nyuma na kikombe chake. Chembe za hewa ndivyo zinavyofanya. Neno langu haliruki kuja kwako. Hewa inasukumana tu mpaka inakugonga sikioni.

Faki akanyoosha mkono. "Mwalimu, na foleni ikiwa haina watu katikati?"

Ala! Swali la namna hiyo mwalimu hulisubiri mwaka mzima. "Mpigieni makofi ya kilo!" nikasema, na darasa likampigia, pa-pa-pa, pa-pa-pa, mpaka vumbi likatoka kwenye mapaa. Nikamweleza kwamba pasipo na kitu kabisa, hata hewa, panaitwa ombwe. Ukiweka kengele ndani ya chupa kubwa ukaifyonza hewa yote, utaiona kengele ikipigwa, ulimi wake ukienda huku na huku, na hutasikia lolote. Mwanga hupita kwenye ombwe bila shida. Sauti haipiti, maana haina wa kumsukuma. Uso wa Faki uliwaka. Nikadhani ni furaha ya kujua, na kweli ilikuwa furaha ya kujua. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuifurahia elimu vile kwa sababu ya kile atakachokwenda kuwafanyia wenzake.

Nikageuka kuandika neno ombwe ubaoni.

Sikuchukua muda. Neno lenyewe herufi tano. Nilipogeuka tena jua lilikuwa utosini, na wale watoto walikuwa watu wazima, wamebanwa kwenye madawati yale yale, magoti yamewafika kidevuni. Wengine wana ndevu. Wengine wana wajukuu mapajani. Darasa lilikuwa ukumbi wa mawe, sakafu ya jiwe moja kutoka ukuta hadi ukuta. Faki alikuwa na mvi, koti zuri, viatu vya soli nene ya mpira, na kifuani ameandikwa Mkuu wa Utulivu. Nilishtuka? Kidogo. Walimu wote hugeukia ubao mara moja, wakigeuka tena watoto wamekwisha kuwa wakubwa wao.

Sikitu peke yake hakukua. Alikuwa vile vile, sare yake ile ile, ameketi kwenye dawati lake, na dawati limo ndani ya chumba cha kioo katikati ya ukumbi. Chumba hakikuwa na sakafu yake. Kuta zake za vioo zilisimama moja kwa moja juu ya jiwe, na kila ukuta ulikuwa wa vioo viwili. Kati ya kioo na kioo nikaona uwazi mwembamba, safi, usio na hata chembe ya vumbi inayoelea. Nikajua ni nini kabla hajaniambia mtu, maana ni mimi niliyelifundisha. Juu walimwachia tundu la kupumulia lililopita kwenye mabomba yaliyopindapinda, kila pindo limejazwa sufi.

Mwanamke mzee aliyeketi mbele alinivuta shati. Ndiye Bi Mize, bibi yake Sikitu mzaa baba. Aliniambia kwa mnong'ono kwamba wakati nilipokuwa naandika ubaoni askari walikuja kumchukua mwanawe, baba yake Sikitu, na mtoto akaona. "Jina limetutoka sote, mwanangu," akasema. "Mimi niliyemzaa limenitoka. Limebaki kwa huyu mtoto tu. Alikuwa akipita mlango kwa mlango analitaja, watu wanalisikia, mwanangu anaendelea kuwako. Sasa wamemtia humu. Tazama mdomo wake."

Nikautazama. Sikitu alikuwa akipiga kelele kwa nguvu zake zote. Mishipa ya shingo imemsimama, machozi yanamtoka, mdomo unafunguka na kufumba. Nasi tuliokaa karibu kiasi cha kuhesabu kope zake hatukusikia hata pumzi.

"Sisi hatumfungi mtu mdomo," Faki akauambia ukumbi, kwa upole kabisa. "Mnamwona. Anasema atakavyo. Anayetaka kumsikiliza amsikilize."

Lo! Nilifikiri juu ya wakubwa wote waliowahi kuziba watu midomo, kwa vitambaa, kwa vitisho, kwa mkate. Walijisumbua bure. Mdomo uliozibwa unaonekana, mtu anaukasirikia. Faki aliuacha wazi akaondoa kile kilicho kati ya mdomo na sikio, na kitu hicho nani atakidai? Nani amewahi kukiona? Hewa haina mwenyewe. Tunaishi ndani yake, tunapendana kwa kupitia humo, tunatukanana humo, na siku ikiondolewa kila mmoja wetu anadhani ni mwenziwe aliyenyamaza.

"Mwalimu wangu," Faki akasema, "hebu waeleze wenzako, wasije wakadhani ni uchawi."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema koo linaniuma. Badala yake niliinua chaki. Haya zinanivaa ninapokwambia kwamba nilieleza vizuri. Nilichora kioo, nikachora kioo cha pili, nikachora ombwe katikati kwa kutochora kitu, watu wakacheka kidogo. "Sauti ikikosa cha kupitia inafanyaje?" "Inakomaaa!" wakajibu kwa pamoja, na Bi Mize naye akajibu, masikini, kwa mazoea ya shule aliyosoma zamani.

Ndipo Sikitu akafunga mdomo. Alitutazama, akautazama mdomo wangu ukieleza, akatazama miguu yake. Kisha akainua kisigino.

Nilikuwa peku. Ndiyo maana nililijua mapema. Kitu kilinigusa unyayoni, kidogo. Kisha kikubwa. Kisha kidogo. Kimya. Halafu tena: kidogo, kikubwa, kidogo. Lilikuwa jina la baba yake, linatembea ndani ya jiwe kama linavyotamkwa mdomoni, zito katikati, na jiwe linasafirisha upesi kuliko hewa na halichoki mapema. Mwanafunzi wangu! Nilitaka kuruka. Ule mkwaruzo wa ukucha kwenye dawati, alikuwa ameuweka miaka yote hiyo ambayo kwake haikupita. Nilimtazama Bi Mize. Alikuwa amevua viatu vyake, ameviweka pembeni, nyayo zote mbili zimelala juu ya sakafu, na midomo yake inaanza kucheza, inatafuta, inapata. Nyuma yake mwingine anavua. Mwingine. Ukumbi mzima ulikuwa unavua viatu kimya kimya, na huko aliko, yule baba alikuwa akirudishiwa nyama yake na mifupa yake, kisigino kwa kisigino.

Faki hakusikia kitu. Soli zake zilikuwa za mpira.

Akakunja mikono, akasimama wima kama alivyokuwa akisimama dawati la mwisho anapojibu swali. "Kwa hiyo, mwalimu, sauti haiwezi kutoka humo kwa njia yoyote. Sivyo?"

Sikiliza sasa. Nilichotakiwa kusema ni vyema, Faki. Maneno mawili. Au kutikisa kichwa tu. Sikitu aliuona mdomo wa Faki, akaniona namgeukia, akajua nimeulizwa. Akaweka kidole mdomoni. Kidole chake kidogo, chenye wino, kimesimama katikati ya midomo kama nilivyomfundisha. Nilikiona. Nilielewa alichokuwa akiniomba. Sitajificha nyuma ya macho mabovu.

Lakini jibu lilikuwa halijakamilika.

Unanielewa? Halikuwa kamili. Mwanafunzi amesimama mbele ya darasa zima ametoa jibu nusu, na mimi tangu nianze kazi hii sijamwacha mwanafunzi na jibu nusu. Linaniwasha. Ni kama mtu kuacha mlango wazi kwenye mvua. Mkono ulishanyooka, kidole cha kusahihisha kimesimama, na ulimi umeshatangulia.

"Si kwa njia yoyote, Faki," nikasema. "Umesahau vitu yabisi."



Nilisikia maneno yangu yakienda. Chembe kwa chembe, foleni ya uji, yakasukumana mpaka ukuta wa mwisho, yakarudi kwangu kama mwangwi: yabisi, abisi, bisi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ardhi ndiyo hiyo hiyo niliyoisaliti. Hakuna aliyenishurutisha. Hakuna aliyenishikia rungu. Mwoga angalau anaweza kusema aliogopa. Mimi nilisahihisha.

"Ahaa," akasema Faki. Akapiga magoti, akavua kiatu, akaweka kiganja na unyayo juu ya jiwe. Akafumba macho. Nikauona uso wake ukiwaka, uso ule ule wa mtoto wa kucha safi. "Na dawa yake, mwalimu?"

Niambie, ungefanyaje wewe? Ungekaa kimya, najua. Mimi pia sasa hivi nikiwa peke yangu hukaa kimya vizuri sana. Pale nilisema, "Vitu laini. Sufi, sponji, magodoro. Hunywa mtetemo." Nilisema kwa sauti ndogo, kana kwamba ukubwa wa sauti ndio uliokuwa kosa.

Askari walileta magodoro ya sufi. Wakakiinua chumba cha kioo, wakapitisha ubao chini, dawati na mtoto wakapanda pamoja nacho, wakavilaza vyote juu ya magodoro, pole pole, kama watu wanaohamisha kabati la bibi harusi. Unyayo wangu ukasikia kidogo. Kikubwa. Kisha jiwe likawa jiwe.

"Mwalimu amekamilisha somo," Faki akasema. Naye akalitaja jina langu. Lile aliloniita mama. Sijui alilipata wapi. Ukumbi ukalirudia kwa pamoja, na mkono wangu ukajaa, damu ikarudi kwenye kucha, chaki ikapotea nyuma ya nyama. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo inayonifanya nisiweze kujitazama kwenye kioo cha aina yoyote. "Makofi ya kilo!" Wakapiga. Pa-pa-pa, pa-pa-pa. Yalisikika vizuri mno. Hewa ya ukumbi ule ilikuwa nzima, haina kasoro.

Bi Mize aliacha kupiga makofi kabla ya wengine. Akainama, akatazama chini ya dawati, akanivuta shati.

"Mwanangu," akasema, "hebu niambie. Mbona nimevua viatu?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Jina lile nimeliita kila asubuhi, Sikitu wa nani, Sikitu binti nani, abee mwalimu. Lilikuwa limekwenda. Nilibaki na mdundo wake tu. Naweza kukugongea mezani sasa hivi: kidogo, kikubwa, kidogo. Herufi sina.

Nikainua macho, na hapo ndipo nilipomwona Sikitu. Alikuwa anapiga makofi.

Alikuwa anacheka na machozi yake bado mashavuni, anapiga makofi kwa nguvu zote. Sikuelewa. Kisha nikajiweka ndani ya kioo, nikatazama kama alivyotazama yeye. Nini alichokiona? Alimwona mwalimu wake akinyoosha kidole mbele ya Mkuu na kusema. Akamwona Mkuu akipiga magoti. Akaona askari wanakuja, wanakiinua kioo. Akaona ukumbi mzima unashangilia. Yeye hakusikia neno, kwa kuwa ombwe halichagui upande. Alidhani nimemtetea. Alidhani wanamtoa, na baba yake anarudi nyumbani.

Makofi yakaisha. Sikitu akafuta uso kwa mkono wa sare, akatoka kwenye dawati lake, akasimama wima, mikono ubavuni, kama watoto wangu wanavyosimama somo linapokwisha. Ukumbi ulipomwona, mazoea ni mazoea, ukasimama wote pamoja naye, wazee kwa wajukuu. Midomo yake ikafunguka ndani ya kioo, na hayo sikuhitaji kuyasikia, nimeyasikia kila siku ya maisha yangu. Asante mwalimu.

Walikuwa wamesimama wote wananisubiri. Nami sikuwa na neno jingine kifuani, nimetafuta, halikuwako.

"Kaeni," nikasema.

Ukumbi wote ukakaa kwa kishindo kimoja. Sikitu akabaki amesimama, ananitazama, kwa kuwa hakusikia.